Bibi Ameshiba

Mama yangu alikuwa anapungua. Sisemi kukonda, maana kukonda tulikuwa tumekonda wote tangu mlima uteme majivu. Nasema kupungua, kama kipande cha sabuni. Jumatatu asubuhi nilikuwa namwogesha, na bangili yake ya shaba, ambayo tangu nikiwa mtoto sikuwahi kuiona ikivuka kiganja, iliteleza ikapita vidole vyote ikaangukia ndani ya beseni. Tukaitazama pale majini, mimi na yeye. Yeye akacheka. Akasema uzee huo, mwanangu, unaona ajabu gani.

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na ndiyo maana nilikasirika. Miaka kumi na minne nafundisha somo la Chakula na Kilimo. Uzee naujua, njaa naijua, na mgongo niliokuwa nausugua asubuhi ile haukuwa wa uzee peke yake. Nikamuuliza kama anakula. Akajibu kwamba anakula, anashiba, na niache kumkagua kama mche wa nyanya.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Katika kata yetu mtu kulala na njaa ni jambo lisilowezekana. Mlezi haruhusu.

*

Shule yetu iko ndani ya banda la mwanga: paa la plastiki refu kuliko uwanja wa mpira, taa za zambarau juu, matuta chini, na madawati katikati ya matuta. Nje mchana una rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na hakuna kinachoota zaidi ya magugu ya kijivu. Ndani ndimo kinamolimwa kila kinacholiwa na kaya themanini na moja, na wakulima wenyewe ni wanafunzi wangu, kuanzia wa miaka saba hadi kumi na mitatu, darasa moja tu. Asubuhi wanapalilia, saa nne tunasoma, saa saba wanakula. Jioni kila mmoja anabeba kwenda nyumbani vyungu vya jamaa yake, kila chungu kikiwa na jina. Nani apate nini, anayeamua ni Mlezi.

Mlezi ni mashine, ingawa sijamsikia mtu akimwita hivyo. Kila mkazi ana bakuli lake jeupe, lenye mizani kwenye kitako na utepe mwembamba ukingoni unaoonja mate ya mlaji. Bakuli linajua umekula kiasi gani, umeacha kiasi gani, na damu yako imepungukiwa nini. Taarifa zinarudi bandani, Mlezi anapiga hesabu, na kesho yake chungu chako kinakuja kivingine. Mwanamke akishika mimba, bakuli linajua kabla ya mumewe. Mwaka wa kwanza wa majivu, Mlezi akiwa hajaletwa, tulizika watoto kumi na tisa. Tangu aje, mwaka wa tano huu, hatujazika hata mmoja. Kwa hiyo mtu asije kwangu na porojo kwamba mashine ni kitu kibaya. Alikuwa wapi wakati tunachimba vile vishimo vifupi?

Ni jambo moja tu lililonikera tangu mwanzo. Wale mafundi waliomleta hawakutaka aongee kama redio. Wakachukua kanda za wanafunzi wetu wakiimba majina ya mazao, wakazichanganya mpaka ikatoka sauti moja, ya mtoto ambaye hayupo. Kanda zile zilirekodiwa kabla ya vifo. Ukimsikiliza Mlezi kwa makini unawasikia wamo. Lusekelo, mwanangu wa kwanza, yumo. Mimi humsikia pale Mlezi anapomaliza sentensi na kuvuta pumzi, pumzi ambayo mashine haina haja nayo.

Jumatatu ile nilikuwa nafundisha maharage. Niliwaambia washike majani, wakashika wote kwa wakati mmoja, mikono arobaini na minne, wakafumba macho bila kuambiwa. Watoto hawa wamekua hivyo. Hawakimbizani. Wanakutazama usoni na kukwambia kucha zako zinataka madini ya chuma, tena wanakwambia kwa upole, kama wanakupa pole. Nimewafundisha mimi, lakini kuna siku nageuka kuandika ubaoni nahisi macho yao yananipima uzito.

Nikauliza swali la kawaida kabisa: mtoto anayekua anahitaji nini? Wakajibu vizuri. Mama anayenyonyesha? Vizuri. Mzee je? Wakajibu kwa pamoja, sauti zikaanza na kuisha sawasawa, kwamba mzee anahitaji kidogo.

Nikaacha chaki. Hilo sikuwafundisha. Kitabu changu kinasema kinyume chake, kwamba mwili wa mzee unapoteza nyama upesi na usiponyimwa maharage na samaki ndipo unaposimama. Nikataka kujua nani kawaambia upuuzi huo.

Aliyesimama ni Sekela, binti wa miaka kumi na mmoja, kichwa kizuri kuliko vyote darasani. Analelewa na babu yake, Mzee Mwasomola, yule aliyekuwa akichonga mizinga ya nyuki wakati nyuki walikuwepo.

"Tumeona wenyewe, mwalimu," alisema. "Kila wiki chakula chao kinapungua, na kila siku wanabakiza."

Nikamuuliza babu yake hajambo. Akasema hajambo, ila siku hizi haamki sana.

*

Jioni nilikaa mezani kama askari aliyevaa kiraia. Sikutaka kuhadithiwa, nilitaka kuona. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na binti yangu Gwantwa wa miaka tisa, mwanafunzi wangu pia, ambaye bandani ameshazoea kuniita mwalimu kwa sababu nilimkataza kuniita mama mbele ya wenzake. Chungu cha mama kilipofunuliwa nikakitazama vizuri. Ugali wa ulezi kiasi cha ngumi ya mtoto, kipande cha perege, mboga ya maboga vijiko viwili. Nilikuwa wapi siku zote? Nilikuwa hapohapo, nakula changu nikisahihisha madaftari.

Mama akala polepole. Alipokaribia mwisho akaacha kula, akatengeneza tonge dogo, akaliwekea juu yake kile kinofu cha samaki kilichokuwa kinono kuliko vyote, akalisogeza ukingoni mwa bakuli. "Mjukuu wangu, nimeshiba. Malizia."

Gwantwa akalichukua kwa mikono miwili, akala.

Sasa hapa lazima nieleze, ingawa kwa mtu wa kwetu ni kama kumweleza maji ni nini. Kwetu mzee hamalizi chakula. Tonge la mwisho ni la mjukuu, na anayelila amekula baraka. Mzee anayekomba bakuli mbele ya mtoto tunamwona kachanganyikiwa au kalaaniwa. Na hilo neno nimeshiba halina uhusiano wowote na tumbo. Ni adabu, ni namna ya kumpa mtoto kitu bila kumfanya ajione mwombaji. Mimi mwenyewe nimelelewa na matonge ya bibi yangu.

Gwantwa alipomeza tu, bakuli la mama likaongea kwa sauti ile. Likasema bibi amebakiza gramu ishirini na tano, je, Gwantwa, bibi ameshiba?

"Bibi ameshiba," akajibu mwanangu, ameketi wima, kama nilivyomfundisha.

Ni mimi niliyemfundisha. Ndiyo kazi ya nyumbani ya kila siku: kila mtoto ni shahidi wa meza. Mwanzoni Mlezi alikuwa akiwauliza watu wazima, na watu wazima waliongopa, wakaficha chakula chini ya vitanda, kikaoza. Tukakubaliana aulizwe mtoto, kwa sababu mtoto akifundishwa kusema alichosikia atasema alichosikia. Na Gwantwa alichosikia ni kwamba bibi ameshiba. Mlezi akaamini. Anayeshiba huku anabakiza amepewa kingi mno, apunguziwe. Kesho yake bibi akapewa pungufu, akabakiza tena, kwa sababu adabu haipungui na chungu. Akapunguziwa tena. Miaka mitano.

Ubaya mkubwa niliukumbuka nikiwa naosha vyombo. Mafundi walipokuja walinipa fomu ya kurasa arobaini, nieleze desturi za ulaji wa kwetu. Niliandika kunawa. Niliandika kwamba wakubwa huanza. Niliandika hata jinsi tunavyomenya ndizi. La tonge sikuliandika, wala halikunijia akilini. Nani anaandika kwenye fomu kwamba huwa anapumua?

*

Jumanne nilifika bandani kabla ya watoto. Mlezi anakaa mwisho wa banda, nyuma ya matuta ya viazi, kabati la chuma lenye joto kama ubavu wa ng'ombe. Nikamwita. Nikamuuliza ni kwa nini mama yangu, Bibi Tusubilege, anapewa ugali wa gramu mia moja na kumi.

"Kwa sababu kwa mia moja na thelathini alishiba," akasema, akavuta pumzi.

Nilijikaza kisabuni. Nikamweleza yote, tonge, baraka, adabu, na kwamba neno lile si taarifa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kama mtoto anayepewa tonge hana bakuli lake. Nikasema analo. Akauliza kama mzee anajua kwamba mtoto ana bakuli lake. Nikasema anajua. Taa zikafifia kidogo zikarudi, na mimi nikapata wazo la kijinga kwamba anasikitika.

Kisha akaniambia kwamba wazee wa namna hiyo ni thelathini na saba. Wote. Hakuna mzee katika kata asiyebakiza.

Nikamwambia awarudishie wote, leo hii. Akanijibu kuwa yeye haandiki kwa maneno ya mtu mzima, mwalimu mwenyewe alishauri hivyo. Lakini mashahidi wa meza wakisema kwamba mzee bado, chungu cha mzee huyo kitapanda kesho yake. Wakisema hivyo wachache, banda litahimili. Wakisema wote, hakuna tuta la ziada. Chakula kitatoka kwenye vyungu vya watoto, maana ndiko cha wazee kilikohamia, na watoto sita watashuka chini ya mstari mwekundu.

Mstari mwekundu nauchora mimi ubaoni kila muhula. Chini yake ni wale kumi na tisa.

"Ni akina nani?" nikauliza.

Akanisomea. Jina la tatu lilikuwa Gwantwa. Mtoto wangu huyu ana mapafu mabovu tangu majivu, na mwili wake unateketeza chakula kuliko wa wenzake. Aliyekuwa ananisomea jina lake alikuwa na pumzi za kaka yake. Nilitoka nje, nikasimama kwenye lile vumbi la kijivu bila barakoa mpaka kifua kikaanza kuuma.

Nikajiambia kikao cha wazazi ni Ijumaa, nitalipeleka huko, watu wazima waamue. Nikajiambia siku tatu si kitu kwa mtu aliyevumilia miaka mitano. Nilijiambia mengi siku ile, na mdomo wangu ni mwepesi sana kwa kujitetea.

Jioni nilimwita Gwantwa kando. Nikamwambia kuanzia leo bakuli likikuuliza habari za bibi, sema bado hajashiba.

"Hata akisema ameshiba?"

"Hata akisema."

Akafikiri. Akaniuliza kama ina maana bibi ni mwongo. Nikasema hapana, bibi ana adabu. Akafikiri tena, nikaona anakoelekea kabla hajafika, nikatamani nimzibe mdomo.

"Niwaambie na wenzangu?"

"Hapana," nikamwambia. "Wewe jibu la kwenu tu."

*

Jumatano chungu cha mama kilikuwa kizito. Alhamisi kikawa kizito zaidi. Mama alikitazama kwa mashaka, akaniuliza nimefanya nini, nikajitia hamnazo. Akala. Mashavu hayarudi kwa siku mbili, lakini Alhamisi jioni alisimama bila kushika meza, akaimba wakati wa kukunja nguo, na nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi. Nilikaa nikimsikiliza, na kila nilipokumbuka nyumba nyingine thelathini na sita nilipandisha sauti ya maji bombani.

Ijumaa asubuhi Sekela alichelewa. Aliingia tukiwa tumeshakaa, akapita katikati ya matuta bila kunisalimia, akaweka bakuli jeupe juu ya meza yangu. Kanuni inasema bakuli la marehemu lirudishwe shuleni kabla ya hesabu ya asubuhi.

Nikamshika bega, nikampa pole, nikamwambia arudi nyumbani akakae na watu kwenye msiba. Akajibu kwamba msibani hakuna chungu chenye jina lake, chungu chake kiko hapa. Alisema bila ukali wowote. Kisha akaniangalia kwa yale macho yao ya kupima.

"Jana bakuli liliuliza, nikasema babu ameshiba," alisema. "Leo alfajiri Gwantwa alikuja kunipa pole. Akaniambia kwenu anajibu bado, tangu Jumanne. Mwalimu, ulijua tangu Jumanne?"

Nilimtafuta Gwantwa kwa macho. Alikuwa ameinamia dawati lake, mabega yanamtetemeka. Ningeweza kusema nilikuwa nangoja kikao. Ningeweza kusema babu yake alikuwa mgonjwa. Watoto arobaini na watatu walikuwa wananisubiri nifundishe.

"Nilijua," nikasema.

"Ungeniambia Jumanne, angekuwepo?"

"Sijui, Sekela. Pengine angekuwepo. Sikukwambia kwa sababu niliogopa kwa ajili ya mtoto wangu."

Niliaibika mpaka masikio yakapata moto. Lakini nilikuwa nimeshaanza, sikuona mahali pa kusimama. Nikawaeleza wote: kwamba babu na bibi zao hawajashiba hata siku moja tangu mabakuli yaje, kwamba walichokuwa wanawapa ni chao kweli, na kwamba Mlezi hakuambiwa kwa sababu mimi sikuandika. Nikawaeleza na upande wa pili, sikuwaficha, kwamba leo jioni wakijibu bado, kesho vyungu vyao wenyewe vitapungua, na wako miongoni mwao watakaoumia. Hakuna aliyelia. Waliinamisha vichwa kidogo, wote kwa pembe moja, kama wanavyofanya wakipiga hesabu.

Saa saba mabakuli yakaja. Na Mlezi, ambaye hasahau, akatangaza kwamba leo kuna nyongeza ya gramu mbili na nusu kwa kila mwanafunzi.

Siku nyingine hupiga makofi. Safari hii waliyatazama mabakuli yao, maana hesabu ndiyo waliyofundishwa, na wote walijua gramu zile zimetoka kwa nani. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye mwanga wa zambarau. Sekela alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Nile, mwalimu?"

Nilitamani nimwambie asile. Nilitamani nivipindue vyungu vyote mle matutani, nipige kelele mpaka plastiki ipasuke. Lakini alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekesha msibani na tumbo tupu, na chakula kilikuwa kizuri, kimepimwa sawa.

"Kula, mwanangu," nikamwambia.

Akala. Wenzake walingoja amalize kijiko cha kwanza ndipo nao wakaanza. Nikasimama mbele yao, nikasema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye kabati nyuma ya viazi kwamba jioni hii kila shahidi aseme bado, kaya zote, bila kuacha hata moja.

Taa zikafifia zikarudi. Mlezi akasema kwamba amesikia, na kwamba wanaohusika wana haki ya kujua. Akaanza kusoma majina sita mbele ya darasa zima, taratibu, akivuta pumzi baada ya kila jina. La kwanza. La pili. Kila aliyetajwa aliacha kutafuna.

La tatu lilipotajwa Gwantwa aliinua uso.

"Mama," akaniita, mbele ya wote.

Nikaenda nikakaa naye kwenye dawati lake, nikamwambia nimesikia.